Ghala Lisilo na Herufi

Laptopu yenye diski ya GB 128 haichelewi kujaa. Mwenyewe hufuta filamu, hufuta picha, humwaga pipa la taka, kisha siku moja hufungua orodha ya patisheni na kukuta kipande asichokijua. C anaijua, D anaijua, lakini hiki hakina herufi. Akikibofya, haoni amri ya kukifuta. Hiyo ndiyo patisheni ya kurejeshea mfumo. Katika laptopu nyingi za miaka ya 2010, kiwanda kiliacha humo nakala nzima ya Windows ilivyokuwa siku ya kwanza, na nakala hiyo yaweza kula GB 10 hadi 20.

Kuiondoa kunawezekana. Mtu hufungua diskpart, programu ya Windows ya kusimamia diski, huchagua patisheni, kisha huandika delete partition override, na neno hilo la tatu ndilo linaloilazimisha kompyuta kukubali. Hakuna pipa la taka la kupitia. Hesabu ya haraka inaunga mkono: kipande hakijatumika tangu laptopu inunuliwe, na nafasi inahitajika leo. Ila hesabu hiyo imeruka swali ambalo dini na falsafa zimelihangaikia kwa muda mrefu: kilichowekwa kwa ajili ya siku mbaya, siku njema ni mali ya nani?

Kisa cha Yusufu kimo katika Biblia na katika Kurani. Mfalme wa Misri anaota ng'ombe saba wanono wakiliwa na saba waliokonda, na Yusufu anaifasiri ndoto kuwa ni miaka ya neema itakayofuatwa na miaka ya njaa. Kitabu cha Mwanzo kinasema alishauri sehemu ya tano ya mavuno iwekwe. Sura ya Yusuf ina jambo jingine, la kitaalamu kabisa: nafaka iachwe katika mashuke yake, isipokuwa kile kidogo cha kuliwa. Kwa miaka saba ghala zile zilikuwa nafasi iliyokaliwa bure, na raia aliyeshiba angeweza kuhoji, kwa haki, kwa nini asile chake.

Hata hivyo maandiko hayasifu kila akiba. Katika Kutoka 16, mana iliyolazwa hadi asubuhi ilitoka mabuu na kunuka. Katika Luka 12, tajiri anayepanga kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi anaitwa mpumbavu. Alikuwa akiongea na nafsi yake peke yake. Katika mipango yake yote hakuna mtu mwingine anayetajwa. Yusufu aliwawekea watu, wakiwemo ndugu zake waliomuuza.

Mwanafalsafa Mwingereza Derek Parfit, katika kitabu chake cha mwaka 1984, Reasons and Persons, alilisogeza suala hili karibu zaidi na nafsi. Alitoa mfano wa kijana anayeanza kuvuta sigara akijua huenda zikamtesa baadaye, ila hajali. Kwa Parfit huo si uzembe tu. Mtu tutakayekuwa miaka ijayo anastahili kutendewa kama tunavyopaswa kumtendea mtu mwingine, na kumdhuru ni kosa la kimaadili.

Kwa mizani hiyo, patisheni za kurejeshea mfumo hazilingani. Nakala ya kiwanda ya mwaka 2013, kwa mfano, yaweza kurudisha Windows 8, mfumo uliokoma kupata masasisho ya usalama Januari 2016. Hiyo ni mana iliyolala. Tena iko ndani ya diski ileile. Diski ikifa, na yenyewe imekwenda. Kuifuta hakuna dhambi.

Kipande kingine kidogo, kinachowekwa na Windows yenyewe kwa ajili ya urejeshaji, mara nyingi kisichofika GB 1, ni habari nyingine. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la kampuni ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft. Nyingi ilibidi ziokolewe moja moja kwa mkono: kuingia kwenye mazingira ya urejeshaji au hali salama, kutafuta faili lenye kasoro, kulifuta, kuwasha upya. Asubuhi ile megabaiti mia chache zilizokuwa zimekaa kimya zilikuwa na kazi.

Na laptopu nyingi huishi na zaidi ya mmiliki mmoja. Zile zilizotumika Ulaya huishia madukani Nairobi na Kariakoo, na anayenunua ya mkono wa pili hajui kilichofutwa. Ikigoma, faili la kupigia Windows 11 peke yake linazidi GB 5. Mwenye intaneti ya ofisini hulishusha akinywa chai. Anayenunua bando kwa siku huenda kwa fundi na kulipa. Uamuzi ulifanywa na mmoja, gharama anaibeba mwingine asiyeulizwa.

Kwa hiyo anayezitaka zile GB 10 hadi 20 kwanza aandae flashi ya kusimikia Windows, ya GB 8 au zaidi, na ahakikishe laptopu inawaka kwayo. Tangu enzi za Windows 8, laptopu nyingi hubeba ufunguo wa leseni ndani ya bodi zake, hivyo kupiga upya toleo la Windows lililokuwamo kwa kawaida hakuhitaji kununua mwingine. Baada ya hapo patisheni ya kiwanda yaweza kufutwa. Flashi hiyo sasa ni sehemu ya laptopu, na laptopu ikiuzwa, mnunuzi ana haki ya kukabidhiwa flashi pamoja na chaja.