Nani Autaje Ukubwa wa Ghala?

Kila palipo na mtoaji na mpokeaji wasiokwenda mwendo mmoja, hapana budi pawe na mahali pa kungojea. Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa mahali hapo ni ghala la korosho: mkulima hupeleka magunia yake chama cha msingi, hupewa stakabadhi, kisha hungoja mnada wa chama kikuu cha RUNALI, ambacho jina lake limeunganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Katika kompyuta mahali hapo huitwa bafa, yaani sehemu ya kumbukumbu inayopokea data kabla mwenye kuzitumia hajawa tayari. Bafa ikiwa ndogo mno, kinachofika hukosa pa kuwekwa. Ikiwa kubwa mno, cha leo hupangwa nyuma ya cha juzi, na njia huonekana nzima kumbe imeziba. Basi ni nani mwenye haki ya kuutaja ukubwa huo, naye aulizwe nini?

Nachingwea imekwisha kuonja jibu moja. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, ulikusudia kulima ekari zaidi ya milioni 3 katika Tanganyika na nchi jirani. Reli ikafikishwa Nachingwea, bandari ya kina kirefu ikaanzwa Mtwara, vyote kwa kipimo cha mavuno ambayo hapana mtu aliyewahi kuyaona. Mradi uliachwa 1951. Bandari ilikamilika 1954. Namba ilitajwa mara moja, mbali, na udongo haukuwa na njia ya kuirudi.

Yaelekea kwamba dawa ni kumpa mtumiaji mwenyewe namba aitaje. Mfumo wa Linux hufanya hivyo, na namna ufanyavyo inastahili kutazamwa. Programu ikiomba bafa ya mtandao ya ukubwa fulani, mfumo huizidisha namba hiyo mara mbili kwa ajili ya hesabu zake wenyewe. Ikiwa ombi limepita kikomo cha msimamizi, hulikata bila kusema neno, na programu huambiwa kwamba mambo ni sawa. Zaidi ya hayo, aliyetaja ukubwa wa bafa ya kupokelea hunyimwa marekebisho ambayo mfumo ungemfanyia wenyewe kadiri mwendo wa njia unavyobadilika. Ni kweli kwamba programu yaweza kuuliza baadaye imepewa kiasi gani. Lakini ampunguziaye mwenziwe ndiye apasaye kusema kwanza. Karani wa ghala apokeaye magunia kumi na kuandika saba hawezi kujitetea ati mkulima hakuuliza.

Kosa kubwa zaidi limo katika swali lenyewe. Mkulima wa Ruangwa akiulizwa ghala liwe la tani ngapi, atataja namba yoyote kwa adabu tu. Akiulizwa anaweza kukaa siku ngapi bila malipo, atajibu upesi na kwa hakika, maana ada ya shule na deni la dukani anavijua. Ilichukua miaka mingi wahandisi kulifikia jambo hili. Kwa kuwa kumbukumbu ilikuwa rahisi kwa bei, bafa zilinenepeshwa kila mahali, mazungumzo ya mtandaoni yakachelewa. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa njia iitwayo CoDel, isiyotazama urefu wa foleni bali muda ambao data zimekaa ndani yake. Kipimo chao ni milisekunde 5.

Wako wanaojua tani zao, kama fundi wa mawasiliano ya setilaiti, nao waachiwe mlango. Wengine wote wakidaiwa namba wasiyoweza kuijua, hawakupewa uhuru wowote. Wametwishwa lawama kabla ya wakati: foleni ikikwama, mtengenezaji wa mfumo atasema kwamba namba haikuwa yake.