Msishangilie Moto wa Mafuta

Wajukuu zangu wa kijiweni Kivukoni, nina neno nanyi. Nimewaona mkirundikana juu ya simu moja, ghala la mafuta linaungua huko ng'ambo, moshi umefunga mbingu, nanyi mnapiga makofi. Kila mmoja na upande wake. Siku ile sikuwakemea, kwa kuwa mzee anayekemea kila siku huzoeleka. Leo nisikilizeni taratibu, maana mnachokishangilia ndicho kilichotumaliza sisi.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Kagera. Tulikuwa na haki ya kupigana, na katika hilo sirudi nyuma hata leo. Nchi nzima ilisimama. Malori na mabasi ya raia yakachukuliwa kubeba askari na chakula hadi mpakani. Pimeni wenyewe: kutoka bonde hili la Kilombero hadi Mutukula mpakani ni zaidi ya kilomita elfu moja, kwa barabara za wakati ule, na lori lililosheheni linakunywa dizeli panda shuka. Askari anapigana kwa bunduki, lakini anafika kwa dizeli. Na dizeli ile tuliinunua kwa kahawa, pamba na katani. Mwenzetu wa upande wa pili alikuwa na Gaddafi wa Libya, aliyempelekea askari na silaha, na fedha za Gaddafi zilitoka visimani. Hata hivyo Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979.

Wengi wakisimulia vita vile huishia hapo. Mimi ndipo ninapoanzia.

Miezi michache kabla ya Kampala kuanguka, Shah wa Iran alikimbia nchi yake, na bei ya mafuta duniani ikapanda zaidi ya maradufu katika muda mfupi. Sisi hatukuwa na kisima hata kimoja cha mafuta. Kiwanda cha TIPER pale Kigamboni kilisafisha mafuta ghafi, lakini yenyewe yalinunuliwa nje kwa fedha za kigeni, na fedha hizo zilikuwa zimeshaliwa na vita. Kagera ilitaka kujengwa upya, daraja la Kyaka lilikuwa limelipuliwa, na malori yaliyorudi yalirudi mikweche. Kujenga nako kunataka dizeli, pengine kuliko kubomoa. Mwalimu Nyerere akatuomba tujifunge mikanda miezi 18. Tukajifunga. Miezi 18 ikapita, mkanda haukulegea.

Ngoja niwaonyeshe ilivyokuwa hapa hapa, kabla hamjazaliwa, kabla ya daraja hili la 2018 mnalolipita mkiimba. Pantoni imefungwa kwa kamba, haina dizeli. Magunia ya mpunga yamepangwa ukingoni, wenyewe wamelala juu yake kwa siku kadhaa. Mto Kilombero ukipanda usiku, magunia ya chini yanalowa, na mpunga uliolowa haungoji mnunuzi, unaota. Unakuta vichipukizi vya kijani vinachungulia kwenye matundu ya gunia la katani. Kazi ya msimu mzima, palizi na kuamia ndege, imerudi kuwa mbegu mahali ambapo haiwezi kupandwa. Wenye haraka walivusha kwa mitumbwi, gunia moja moja, na si yote yaliyofika. Mashine za kukoboa zilinyamaza, bibi zenu wakarudi kwenye kinu na mchi. Mafuta ya taa yalitafutwa kwa foleni, koroboi ikazimwa mara tu baada ya ugali, na mtoto wa shule akaambiwa asubiri jua.

Sisemi kwamba vita peke yake vilituletea hayo yote. Ukame ulikuwepo, bei ya mazao ilianguka, na serikali nayo ilikuwa na makosa yake. Lakini kila kimoja kati ya hayo kilikuwa kizito zaidi kwa sababu ya mafuta. Mwaka 1986 serikali ya Mzee Mwinyi ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, baada ya Mwalimu kuyakataa masharti yake kwa miaka. Vita vya miezi michache, gharama ya kizazi kizima.

Najua mtakachonijibu, nimeshakisikia: Babu, tungekuwa na mafuta yetu wenyewe tusingeteseka. Na maneno hayo yana chanzo. Mwaka 2012 kampuni ya Swala ilipewa leseni ya kutafuta mafuta Kilosa na Kilombero, ikapanga kuchimba kisima kilichoitwa Kito, karibu na bwawa la Kibasira. Hakikuchimbwa, ila matumaini yake yamebaki vichwani mwenu.

Basi tazameni wenye mafuta. Sudan Kusini ilipata uhuru Julai 2011, na karibu mapato yote ya serikali yakitoka visimani. Januari 2012 wakafunga visima kwa ugomvi na Sudan juu ya ada ya bomba. Desemba 2013 wakageukiana wenyewe, na miji kama Bentiu na Malakal ikatekwa na kutekwa tena. Amani ikatiwa saini 2018, wakakuta mafuta ambayo hayajatoka ardhini yameshakopewa fedha. Kuna mwalimu na muuguzi kule wanaomaliza miezi bila mshahara, na bomba linapita nchini mwao.

Iraq je? Marekani ilipoivamia mwaka 2003, wakubwa wake walisema mafuta ya Iraq yenyewe yataijenga Iraq. Mabomba yakalipuliwa, na mlipakodi wa Marekani akajikuta anatoa takriban dola bilioni 60. Nyuma ya hapo, mwaka 1991, majeshi ya Iraq yalichoma visima zaidi ya 600 vya Kuwait yakiondoka. Umoja wa Mataifa ukaiamuru Iraq ilipe fidia kutoka kwenye mauzo ya mafuta yake. Malipo, dola bilioni 52.4, yalikamilika 2022. Mtoto aliyezaliwa Basra mwaka ule wa moto alikuwa mtu mzima wa miaka kama 31, na kwa miaka mingi sehemu ya mali ya nchi yake ilikuwa ikikatwa kwa vita asivyovijua.

Na msidhani moto wa mbali haufiki. Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, petroli hapa nchini ilipita shilingi 3,000 kwa lita, hadi serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Nyinyi wa bodaboda mlipandisha nauli, nami niliwaelewa. Mkulima wa Minepa aliyekodi trekta hakuwa na wa kumpandishia.

Sasa sikilizeni la kufanya. Wataalamu wa mafuta wakirudi na ramani zao, msiwafukuze, wala msiwapigie vigelegele. Waitwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, waseme mbele ya wote. Waulizeni mkataba uko wapi kwa Kiswahili. Waulizeni maji ya Kibasira yakichafuka, samaki wakafa na wanyama kama sheshe wakakimbia, nani atalipa na kwa mfuko gani, maana bonde hili liliandikwa kwenye orodha ya kimataifa ya ardhioevu, ile ya Ramsar, tangu 2002 na dunia inalijua. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imewapa sauti kwenye mkutano ule, na sauti isiyotumika huonekana ni ridhaa.

Na wewe uliyeambiwa na dalali kwamba ekari za marehemu baba yako zitalala juu ya mafuta, uziuze sasa upate pikipiki mbili: usitie dole kwenye karatasi yoyote wiki hii. Njoo nayo nyumbani jioni, na mdogo wako aje, tuisome mstari kwa mstari.