Wanaoiogopa Meza ya Bwana



Kila ifikapo Jumapili ya Chakula cha Bwana twaona jambo lituhuzunishalo. Wengine hupiga magoti madhabahuni, na wengine huinama mahali pao wala hawaji, mwaka hata mwaka. Hatuwasemi waliotengwa kwa dhambi iliyo wazi. Habari yao ni nyingine. Twawasema Wakristo waaminifu, ambao tukiwauliza hujibu, "Sistahili, nachelea hukumu." Tena hututajia Mtume Paulo, aliyewaonya Wakorintho wasile isivyostahili.

Haya, na tuitazame sura ile yote, 1 Kor. 11, tangu mstari wa 20. Wakorintho walikosa nini? Wenye mali walitangulia kula chakula chao wenyewe, na kunywa hata kulewa, na maskini wakakaa na njaa. Kosa ndilo hilo, kuidharau Meza na kuwatahayarisha ndugu. Paulo hakumwandikia mtu aombolezaye dhambi zake. Wala hakusema mtu ajihoji, kisha akae mbali. Alisema ajihoji, kisha ale.

Tena kumbukeni walioketi usiku ule wa kwanza. Petro alikuwapo, naye kabla ya jogoo kuwika alimkana Bwana mara tatu. Bwana alijua yote, hata hivyo akaumega mkate, akawapa.

Mwaka 1215 Kanisa la Rumi liliamuru kila Mkristo ale angalau mara moja kwa mwaka, wakati wa Pasaka. Shurti ile ilipoondolewa kwao walioifuata Injili, wengi waliacha kuja kabisa, naye Dr. Martin Luther akawalalamikia katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529. Asiyesikia njaa ya Meza alimshauri atie mkono kifuani, apapase kama angali mtu wa nyama na damu. (Twadhani alitabasamu kidogo alipoandika hayo.) Na katika Katekisimo Ndogo ya mwaka uo huo alifundisha kwamba kufunga ni desturi njema, lakini astahiliye kweli ni yule aaminiye kwamba mwili na damu ya Bwana vilitolewa kwa ajili yake.

Wako na wenye ugomvi na jirani, labda kwa mpaka wa shamba. Hao hushika neno la Bwana la kuiacha sadaka na kwenda kupatana kwanza. Vema. Lakini kwenda hawaendi, na kurudi hawarudi. Neno la Bwana limekuwa maficho yao.

Ninyi walimu wa mitaa, juma litangulialo Meza, nendeni nyumbani kwa watu hao. Msiwakemee. Someni nao mstari wa 28 polepole. Mwenye ugomvi, fuataneni naye hata mlangoni pa jirani yake. Na mgonjwa asiyeweza kutembea, mleteeni mchungaji habari zake mapema, apate kumpelekea mkate na kikombe kitandani pake.