Ulikuwa Unamsomea Nani?

Kuna hotuba ya dakika kumi inayochosha kuliko safari ya kutwa, na kuna ya saa mbili ambayo watu huondoka wakisikitika kwamba imekwisha. Wengi husema tofauti ni sauti, au kipaji alichozaliwa nacho mtu. Mimi siamini hivyo.

Miaka mingi iliyopita niliombwa kuzungumza katika mahafali ya shule ya msingi kijijini kwetu. Niliandika kurasa nane, nikazisoma zote. Nilipofika ukurasa wa tatu watoto walikuwa wakichora ardhini kwa vijiti. Baadaye bibi mmoja alinishika mkono akaniambia, “Mwanangu, umesoma vizuri. Ila ulikuwa unamsomea nani?” Swali lile lilininyima usingizi, kwa maana jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa namsomea afisa elimu aliyekaa mbele, apate kujua kwamba na mimi nimesoma. Watoto na wazazi wao walikuwa kisingizio tu.

Tangu siku hiyo naamini kwamba uchovu wa hotuba nyingi hautokani na ulimi mzito. Hutokana na msemaji kujitazama mwenyewe.

Mfano wa kinyume chake ni Mwalimu Nyerere. Sauti yake haikuwa nzito. Lakini siku ya Mei Mosi, 1995, mjini Mbeya, karibu miaka kumi baada ya kuacha urais, aliwazungumzia wafanyakazi rushwa, ukabila, udini na aina ya kiongozi anayefaa, naye alizungumza kama mtu aliyekaa barazani na jirani zake: anauliza, ananyamaza, anacheka, kisha anajibu. Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipokuwa yamevamia Kagera, aliwahesabia wananchi mambo matatu tu: uwezo, sababu na nia. Hata asiyejua kusoma aliweza kurudi nyumbani akamsimulia mkewe hoja yote. Huko ndiko kumheshimu msikilizaji: kuamini kwamba ana akili, na kujitaabisha ili neno limfikie.

Hata hivyo, hapa ndipo penye mtego. Utamu wa maneno si ushahidi wa ukweli. Ulimi huohuo wa Mwalimu ndio uliowahimiza watu kuhamia vijiji vya ujamaa. Mwaka 1973 himizo likageuka amri, na wengi wakahamishwa kwa nguvu, wakaacha nyumba na mashamba yao. Uzuri wa hotuba haukupunguza uchungu wa aliyebomolewa nyumba. Na kwa upande mwingine, yuko bwana shamba anayegugumia maneno huku kila mtu akisinzia, naye ndiye mwenye neno litakalookoa mavuno.

Kwa hiyo heshima inadaiwa pande zote mbili. Msemaji anadaiwa kumtazama aliye mbele yake. Msikilizaji naye anadaiwa kutomkabidhi mtu akili yake kwa sababu tu amechekeshwa, na kutomdharau mwingine kwa sababu tu hana ufasaha.

Siku hizi nikiombwa kuzungumza, huuliza kwanza ni akina nani watakaokuwapo. Kisha namtafuta bibi yule katika umati. Alikwisha fariki, lakini simkosi: daima yuko mmoja aliyekaa nyuma, mikono mapajani, akingoja kuona kama nitasema naye.