Jani Lililotafunwa

Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo nyasi. Methali hii imesikika sana kwenye majukwaa ya siasa na vikao vya suluhu, na kila inapotajwa, nyasi huonekana maskini wa Mungu: hazina kauli, hazina pa kukimbilia, zinangoja tu nyayo za wakubwa. Ni huruma njema, ila inampunguzia mnyonge hadhi yake, na anayezitazama nyasi kwa karibu hataweza kuzionea huruma ya namna hiyo.

Mpunga, muwa, mtama na ukoka ni wa ukoo mmoja wa nyasi. Mizizi yake hunywa maji ya udongoni, na katika maji hayo mna silika iliyoyeyuka, kitu kilekile kinachofanya mchanga na kioo. Mwaka 2006 wanasayansi nchini Japani walitangaza kwamba wameipata jeni inayoipitisha silika katika mizizi ya mpunga. Maji hupanda hadi majanini, jua huyageuza mvuke, na silika hubaki nyuma, ikajijenga ndani ya seli na kwenye kingo za jani kama ukoko mweupe unavyoganda ndani ya birika. Katika mpunga silika yaweza kufikia hata sehemu moja ya kumi ya uzito wa jani lililokauka. Ndiyo maana anayevuna mpunga Kyela au Mwea hurudi nyumbani na michanjo mikononi. Wala haikuhitajika sumu ya ajabu. Nyasi zimejikinga kwa kitu kilichozagaa kote, ambacho hakuna mwenye nacho anayeweza kuwanyima wengine.

Jambo la kufikirisha zaidi lilitoka Serengeti. Mwaka 1983 Samuel McNaughton na Jane Tarrants walichapisha matokeo yao: nyasi zilizotoka mahali palipolishwa sana na wanyama zilihifadhi silika nyingi majanini kuliko zile za mahali palipolishwa kidogo. Baadaye, Uingereza, ikaonekana kwamba majani yaliyotafunwa mara kwa mara na panya wa mbugani au nzige yaliongeza silika kwa kiasi kikubwa, lakini kuyakata kwa mkono hakukuleta badiliko kama hilo. Panya waliolishwa majani yenye silika nyingi hawakunufaika sana na majani hayo, na walikua polepole. Mlaji hakatazwi kula. Analipishwa tu.

Je, ukali wa watu tunaowajua haukujengeka hivyohivyo? Yule mama muuza samaki asiyekubali kupunguza hata shilingi, yule mzee wa mtaani anayemfokea kila karani, pengine hawakuzaliwa hivyo. Sisi huwaita wakorofi kisha tunapita. Ni mara ngapi tumeuliza ni nani aliyewatafuna, na kwa miaka mingapi? Namwona mtu wa namna hii ana haki ya kingo zake, kwa sababu wapole waliomzunguka mara nyingi ni wapole kwa kuwa hawajaguswa.

Hata hivyo ugumu una gharama. Silika ikishaganda ndani ya jani haihami tena. Jani haliwezi kuirudisha udongoni wala kulipatia jani jingine. Litakaa nayo mpaka linyauke, na likishaoza, vijiwe vya silika hubaki. Olduvai watafiti wamevikuta katika udongo wa zaidi ya miaka milioni 1.7, na kwa maumbo yake wakatambua palipoota nyasi na palipoota mitende. Kinga ya siku chache ilidumu kuliko jani, kuliko aliyelila, kuliko ugomvi wenyewe. Nani kati yetu hajakutana na chuki ya ukoo ambayo hata wanaoibeba hawakumbuki chanzo chake?

Lakini nyasi haziishii hapo. Sehemu inayozalisha majani imejificha chini, karibu na ardhi, ambako meno ya nyumbu hayafiki kwa urahisi. Jani la juu likiliwa, jingine huchomoza kutoka humo likiwa laini, nalo huanza kukusanya silika yake lenyewe, kwa kadiri ya maji litakayokunywa na meno litakayoyaonja. Hapo nyasi zimetushinda. Sisi humfundisha mtoto kumchukia jirani ambaye hajawahi kumkosea, tukauita mwenendo huo malezi.