Shairi Lililobaki Mfukoni



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kasingirima tulipomzika rafiki yangu wa utotoni. Tuliimba pamoja kwaya, yeye besi. Baadaye mimi nikaenda seminari, yeye akashika uvuvi wa dagaa. Usiku mmoja upepo wa ziwani ukaupindua mtumbwi wao.

Usiku wa matanga nilimtungia utenzi, beti saba. Kesho yake makaburini ikaulizwa, "Kuna mwenye neno?" Karatasi ilikuwa mfukoni. Nikanyamaza. Nilijiambia, aah, mimi si mshairi bwana, mizani yenyewe haijatulia, watu watanicheka. Tukiwa njiani kurudi, mama yake akaniuliza taratibu, "Frateri, mwanangu, hata wewe ulikosa la kumsemea mwenzako?"

Jamani, swali lile lilinichoma.

Nilikuwa nauita ule ukimya unyenyekevu. Lakini soma Mathayo 25:14-30. Mtumishi wa tatu hakuiba talanta ya bwana wake wala hakuitapanya. Aliogopa tu, akaifukia. Ndivyo nilivyofanya. Nilitaka nionekane fundi, la sivyo nisionekane kabisa. Hicho ni kiburi kilichovaa kanzu nyeupe.

Hapo nikamkumbuka Mathias Mnyampala, Mkatoliki mwenzetu, Mgogo wa Dodoma, aliyezaliwa 1917. Alifanya ualimu na baadaye uhakimu, na katikati ya kazi hizo akawa mtu wa kujaribu. Mwaka 1954 alitoa kitabu cha historia na mila za Wagogo. Akaandika kisa cha mrina asali. Akatoa diwani ya mashairi. Kisha akaanzisha ngonjera, yaani mashairi ya kujibizana mbele ya watu. Wewe uliyewahi kughani ngonjera mbele ya mgeni rasmi shuleni, ulikuwa unakula matunda ya jaribio lake.

Jaribio linalonigusa zaidi ni la 1963. Utenzi ni chombo ambacho ndugu zetu Waislamu wa pwani walikitumia kwa karne nyingi kusimulia habari za dini yao. Mnyampala akakichukua chombo hicho kwa heshima, akasimulia humo Injili, katika Utenzi wa Enjili Takatifu. Mwalimu Nyerere naye alikaa akahesabu mizani. Tenzi zake za Injili zilichapwa 1996.

Tena, Mnyampala alifariki 1969. Kitabu chake cha kwanza cha Ngonjera za UKUTA kilitoka 1970. Alipanda, wengine wakavuna. Angesubiri mpaka awe na uhakika wa kupigiwa makofi, tungepata nini?

Basi nikaenda na karatasi yangu kwa mzee mmoja jirani, Mwislamu, anayeujua ushairi. Nikamwamkia, akaitikia, akasoma huku akihesabu kwa vidole. "Mjukuu wangu, kipande hiki kina mizani tisa. Utenzi unataka nane. Punguza moja." Hakunicheka. Tulirekebisha mpaka adhana ya magharibi.

Siku ya misa ya arobaini nilimsomea mama yule, nyumbani kwake, sauti ikitetemeka. Yeye hakuhesabu mizani. Alilia, akasema, "Asante baba. Hebu rudia ubeti wa tatu." Nikarudia. Ile nafasi ya makaburini, hata hivyo, ilishapita na hairudi.

Filosofia ilinifundisha kutofautisha uwezo na tendo: mbegu ina uwezo wa kuwa mti, lakini kivuli tunakipata kwenye mti. Karama yako nayo ndivyo ilivyo. Shairi lililo kwenye daftari, wimbo uliorekodi kwenye simu ukauficha, mchoro, igizo la vijana wa jumuiya, vyote hivyo vinamngoja mtu anayevihitaji. Pengine anavihitaji leo.

Wiki hii toa kimoja. Mwoneshe mtu mmoja tu. Kikichechemea, kubali kurekebishwa, kisha jaribu tena.

Tusali: Ee Bwana, uliyetupa talanta bila sisi kustahili, utuondolee hofu ya kuchekwa. Utujalie kutoa kidogo tulicho nacho wakati ndugu zetu bado wanakingoja. Nao waliotutangulia kutoka ziwani uwapokee bandarini kwako. Amina.