MAGOFU YA KILWA NA NYUMBA ZETU

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Mola wetu ametuamrisha tutembee katika ardhi tupate mazingatio. Wako watalii wanaofika kwa meli Kilwa Kisiwani, pwani ya Tanzania. Hupiga picha Msikiti Mkuu na magofu ya jumba la Husuni Kubwa, kisha hurudi melini. Wewe Muislamu usiishie kwenye picha.

Mwaka 1331 Ibn Battuta alimkuta huko Sultani al-Hassan bin Sulaiman, aliyeitwa Baba wa Vipawa kwa wingi wa kutoa kwake. Mwaka 1505 Wareno waliuteka mji ule. Leo jumba ni mawe na majani, lakini ukarimu wa yule sultani ungali unatajwa.

Sisi wa Goma hatuhitaji meli ili tuone magofu. Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulifunika nyumba na maduka yetu, tukakimbilia Gisenyi na Sake. Mwaka 2021 ukafika Buhene. Aliyekufungulia mlango siku ile, umemsahau? Humsahau. Basi kabla hujaongeza tofali juu ya tofali, mtazame jirani, mkimbizi na yatima. Toa leo.

Wabillahi tawfiq.